Mama wa Mtoto Aliyefunikwa

Madina hakupenda kukutana na mtu asiyemjua mara mbili katika wiki moja. Mara ya kwanza hakuona neno. Mji una watu, na watu wana miguu. Lakini uso mgeni ukirudi kabla wiki haijaisha, Madina alinyamaza akaanza kuhesabu.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa hapa hapa, komini ya Kisangani, wilaya yenye jina moja na mji wenyewe, katika nyumba ya babu yake, akasoma mpaka mwaka wa sita wa primaire, shule ya msingi, akaolewa na Mahmoudi, fundi wa viti na vitanda. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kusalimia kila anayepita mbele ya karai lake. Asubuhi alikaanga mikate, ile midogo ya mviringo, akawauzia wanafunzi na watu wa ofisi, na saa nne karai lilikuwa limekwisha kuoshwa. Walimpenda kwa sababu mafuta yake hayakuwa ya jana.

Aliyembadilisha ni Amuri, kifungua mimba wake. Amuri aliishi miezi minne. Katika wiki ile ya mwisho, Jumatatu, mwanamke mmoja ambaye Madina hakumjua alimkuta kwenye bomba la maji akasifu miguu ya mtoto: "Angalia mapaja! Huyu atacheza mupira." Jumatano mwanamke yule yule akamkuta sokoni, akasifu tena. Jumamosi walimzika Amuri. Hospitalini walisema ni malaria, na Madina alijua ni malaria, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemshika mtoto akitetemeka. Lakini alijua pia habari ya bomba na habari ya soko. Mambo hayo yakakaa ndani yake yote pamoja, na hakuna lililomfukuza mwenzake.

Nuru alipozaliwa, Madina hakumbeba mgongoni penye watu. Alimfunga mbele, kifuani, apate kuona nani anamtazama.

Siku Nuru alipotimiza miezi tisa na siku moja, Madina alivuka mto kwenda Lubunga kununua mafuta ya mawese, maana ng'ambo bei ilikuwa nafuu. Ndani ya mtumbwi, ubao wa mbele yake, aliketi mwanamke wa umri wake, kitenge kizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa utaratibu. Mgongoni alikuwa na mtoto. Au tuseme alikuwa na blanketi. Blanketi nzito, na juu yake kofia ya sufu imevutwa mpaka chini. Jua lilikuwa kali, mpiga kasia amevua shati, abiria wanajipepea kwa makaratasi, na mtu yule amebeba sufu! Hapakuonekana jicho, wala kidole cha mguu.

Mwanamke akageuka, akamtazama Nuru.

"Huyu iko na miezi tisa, mama. Ni vile?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kule juu, cha Butembo, cha milimani. Madina akamkumbatia Nuru.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Minaona tu." Akacheka kidogo. Walipofika akapanda ukingo, akageuka mara moja. "Bon, tutaonana, mama."

Tutaonana wapi? Madina alinunua mafuta yake, na njia nzima ya kurudi alikuwa na neno hilo tu. Alipofika nyumbani alimkuta jirani yake Micheline, muuza makaa, amekaa juu ya gunia lake tupu. Micheline alikuwa mtu wa kusikiliza habari mpaka mwisho, halafu kuiongezea.

"Aliuliza jina ya mutoto?" akauliza Micheline.

"Hapana."

"Unaona? Analijua tayari."

Mahmoudi alikuwa uani akipiga randa ubao wa kitanda. Alisema bila kuinua kichwa: "Mama Micheline, kama angeuliza jina, ungesema anataka kulipeleka kwa wachawi. Hakuuliza, unasema analijua. Huyu mutu afanye nini sasa?"

"Asikutane na sisi," akajibu Micheline. "Njo afanye hivyo."

Jumatano ilikuwa siku ya kilo, ya kupima watoto uzito, kwenye kituo cha afya cha karibu. Wiki ile haikuwa kilo tu: mtoto wa miezi tisa anachomwa sindano ya surua, na mwezi uliopita muuguzi alikuwa amemwonya Madina asikose, maana surua ilikuwa imeonekana mjini. Madina alifika mapema, akakaa kwenye benchi, akiwa na karatasi ya Nuru ndani ya mfuko wa plastiki. Watu watatu mbele yake. Akainua macho. Kwenye kona, karibu na mizani, ilikuwepo kofia ya sufu.

Mwanamke naye alikuwa anamtazama. Hakucheka safari hii. Alimtazama kama mtu anayemkagua mtu, kisha akavuta blanketi, akafunika hata pale pembeni palipokuwa pamebaki wazi.

Madina akasimama. Alimwambia mama aliyekaa jirani naye kwamba mtoto amejichafua, anatoka kidogo. Akatoka, hakurudi.

Mahmoudi safari hii aliweka randa chini.

"Umetoka bila sindano?"

"Alikuwa pale."

"Mutu iko na mutoto wa miezi tisa. Siku ya kilo unataka umukute wapi, bandarini anauza samaki? Si amekuja kuchoma wake!"

"Na alijuaje umri ya Nuru?"

"Kwa sababu wake iko umri ule ule, Madina! Mama anajua mutoto wa umri ya wake kama mimi ninavyojua mbao."

Maneno yale yalikuwa na akili, na Madina aliyapokea. Lakini Micheline, alipopita jioni kuchukua sahani yake, alikuwa na swali moja tu.

"Umeona sura ya ule mutoto?"

"Hapana."

"Umesikia analia?"

Madina akafikiri. "Hapana."

"Mutoto gani halii siku ya sindano?"

Swali hilo ndilo lililolala na Madina. Akalikuta asubuhi bado liko pale pale. Aliona ile blanketi, jinsi ilivyokaa kimya, haisogei, haikohoi. Vipi kama ndani hamna mtoto? Mtu anayebeba kitu kilichofungwa kama mtoto, akikaa katikati ya akina mama wenye watoto, huyo anatafuta nini?

Ndani ya wiki ile ile surua ikaingia mtaani kwao. Nyumba ya pili kutoka kwao, kwa Hélène, mtoto wa kiume akaamka na macho mekundu na pua inatiririka. Siku ya tatu vipele vikamjaa uso mpaka kifuani. Hélène akafunga mlango, akaning'iniza kitambaa dirishani mwanga usimwumize mtoto macho. Madina aliweka mikate mbele ya mlango wake, akaita, akaondoka bila kuingia. Akiwa anaondoka alimsikia mtoto akikohoa, kikohozi cha kubweka. Akamkaza Nuru kifuani.

"Jumatano unaenda," alisema Mahmoudi. "Huyo mwanamke akuwepo, asikuwepo, unaenda."

"Sitangoja Jumatano. Kabondo wanachoma Jumanne. Ninaenda Kabondo."

Alifikiri amefanya vizuri. Kwenda Kabondo alipanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, na hakumwambia mtu ila mumewe. Hata Micheline hakumwambia. Kituo cha Kabondo kilijaa, watoto wanalia, akina mama wanagombana kuhusu foleni. Madina akapenya mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akapumua. Kisha akaona mtu anaingia langoni, amebeba blanketi, juu ya blanketi kofia ya sufu.

Walitazamana juu ya vichwa vya watu. Midomo ya yule mwanamke ikasogea, akisema kitu peke yake, sala au laana, Madina hakujua. Hakusubiri kujua. Alitoka kwa mlango wa nyuma, penye choo, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, jua la saa sita likiwa utosini, na Nuru akinyonya njiani.

Sasa hata Mahmoudi hakuwa na la kucheka. Alikaa juu ya kitanda ambacho hakijamalizika, akakuna shingo.

"Hii ya Kabondo sielewi," alikiri.

"Ulimwambia mutu?"

"Nimwambie nani? Mbao?"

Ikawa hivyo: nyuma yake kwa Hélène mtoto anakohoa, na mbele yake yule mwanamke. Madina hakuogopa sindano, wala hakuwa mama wa kudharau dawa. Alichoogopa ni kumvua Nuru nguo, kumshika mguu wazi mbele ya macho yale, na baadaye kulala asijue ameletewa nini. Lakini kila asubuhi aliangalia macho ya Nuru kama yamekuwa mekundu. Alimgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamfunua kope. Siku ya nne akaamua. Atakwenda mbali, mahali ambapo mtu wa komini yao hana sababu ya kufika hata kwa kupotea. Simi-Simi, upande mwingine kabisa wa mji, kulikuwa na kituo kidogo kinachochoma Ijumaa. Hakumwambia hata Mahmoudi. Alimwambia anakwenda kwa shangazi.

Kituo kile kilikuwa chumba kimoja na baraza. Barazani walikaa akina mama watatu. Muuguzi, Mama Priscille, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwahesabu kwa kidole kama mtu anayehesabu kuku.

"Wewe wa ine," akamwambia Madina. "Kaa. Tunangoja wa tano."

"Kwa nini tunangoja?"

Mama Priscille akatoa kichupa kwenye sanduku la barafu, akakiinua. "Hii ya surua ni ya watoto kumi. Nikiifungua, baada ya masaa sita imekufa, ninaitupa. Nimetupa sana, donc siku hizi bila watano sifungui. Na leo ni mpaka saa saba tu."

Wakangoja. Saa tano ikapita. Mmoja wa akina mama, mchangamfu mwenye mapacha wakubwa nyumbani, alisema atatoka barabarani kumkodi mtoto wa mtu. Walicheka. Saa sita ikapita. Madina alihesabu kila pikipiki iliyopunguza mwendo na kila iliyoongeza, na moyoni aliomba: mtoto mmoja tu, yeyote, wa mtu yeyote.

Saa sita na nusu pikipiki ikasimama. Mwanamke akashuka, akamlipa dereva, akageuka. Mgongoni, blanketi. Juu ya blanketi, kofia ya sufu.

Madina alisimama, na mkono wake ulikuwa tayari umechukua mfuko wenye karatasi ya Nuru. Lakini kilichotokea hakukitarajia. Yule mwanamke alipomwona alipiga ukelele mdogo, akafanya ishara ya msalaba, akamkimbilia dereva: "Ngojea! Papa, ngojea! Unirudishe!"

Dereva alikwisha ondoka.

"Sasa hawa wawili wanakimbiana nini?" aliuliza mama wa mapacha.

"Mimi naenda," alisema Madina.

"Mimi pia naenda," alisema mwanamke kutoka barabarani. "Na huyu mama asinifuate!"

"Nikufuate? Mimi?" Sauti ya Madina ilipasuka. "Ni wewe unanifuata! Lubunga, kilo, Kabondo, na leo huku! Nani alikutuma?"

"Wewe, nani alikutuma? Kila mahali unaangalia mugongo yangu, unaangalia, unaangalia! Belle-sœur yangu aliniambia, hawa wenye muji wanachunguliaka batoto ba wageni. Nikatoka kituo chetu bila sindano, nikaenda Kabondo kukukimbia. Uko Kabondo! Nikatoka pale pia, nikasema, bon, nitafute kule huyu mama hawezi kufika hata siku moja..."

"Simi-Simi," alisema Madina polepole.

"Simi-Simi."

Mama Priscille alikuwa amesimama mlangoni, kichupa mkononi.

"Mukimaliza," alisema, "wamefika batoto tano. Mmoja akitoka, ine. Ine, ninafunga, na hawa mama watatu wanarudi bure na surua iko njiani. Alors?"

"Mama, kaa!" alisema mama wa mapacha, akimshika Madina nguo. Mwingine alikwisha toka barabarani kumvuta yule mwanamke kwa mkono, kwa upole lakini kwa nguvu, kama anayevuta mbuzi. "Mutagombana kisha sindano. Hata mupigane, ni kisha sindano."

Lakini Madina hakukaa. Alibaki na swali la Micheline, na hapakuwa na namna ya kuliuliza kwa adabu.

"Wa tano ni nani?" alisema. "Mimi sijaona mutoto. Ninaona blanketi tu."

Mwanamke akamtazama kama aliyepigwa kofi. Kisha akashusha mzigo wake mapajani, akaanza kufungua. Blanketi. Chini ya blanketi, sweta. Chini ya sweta, kitambaa. Akavua kofia ya sufu, na kichwa kikatokea kimelowa jasho, nywele zimeganda, mashavu mekundu, macho mazito ya usingizi. Mtoto mnene wa kiume. Alipigwa na upepo, akafungua mdomo, akalia kilio ambacho kingesikika ng'ambo ya mto.

"Mama!" Mama Priscille alipiga mapaja. "Unamupika huyu mutoto? Hii ni Kisangani!"

"Kwetu asubuhi ni baridi," alisema mwanamke, sasa anataka kulia yeye. "Mama yangu alitubeba vile, sisi wote. Hapa nimefika miezi mbili tu. Na joto inamulalisha, anakuwa mutulivu..."

"Njo maana halii," alisema Madina. Hakusema kwa mtu.

Mwanamke aliitwa Kyakimwa. Mtoto, Timothée. Mumewe, Isaïe, alikuwa na duka la jumla la maharagwe na sabuni, mitaa mitatu tu kutoka kwa Madina, nyuma ya parokia. Siku ile ya Lubunga alikwenda kumpokea wifi yake, huyo belle-sœur, aliyekuja kwa treni ya Ubundu. Alisema yote hayo haraka haraka, kama mtu mbele ya polisi, wakati Mama Priscille anavunja kifuniko cha chupa.

Nuru alichomwa wa pili, Timothée wa mwisho. Baada ya sindano Mama Priscille aliwapa maelezo, lakini Madina hakusikia hata nusu. Alikuwa anatazama mikono ya Kyakimwa. Na Kyakimwa, aliona, alikuwa anatazama yake.

"Ni Mungu alitukutanisha," alisema Kyakimwa walipokuwa wanangoja pikipiki. "Bila mimi, hawangefungua chupa. Bila wewe pia."

Madina aliangalia barabara. Kama ni Mungu, mbona alimkutanisha na yule wa bomba? Na kama ni wanawake wawili tu waliotafuta mahali pa mbali, wakakumbuka mahali pale pale, basi na yule wa bomba alikuwa mtu tu aliyeishi karibu na bomba.

"Nenda salama," alisema mwishoni. Hakusema tutaonana.

Wiki ikapita vizuri. Kisha Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya nane, Nuru akaamka moto. Hakutaka titi. Macho yake hayakuwa mekundu, Madina aliyaangalia mara kumi, lakini mwili uliwaka. Micheline alifika kabla hajaitwa.

"Sindano ya wiki iliyopita inaleta moto leo? Nani aliona? Sindano inaleta moto siku ile ile! Si nilikuambia? Alimushika?"

"Hakumushika."

"Alimuangalia."

Ndiyo, alimwangalia. Madina alikaa na Nuru mapajani akakumbuka mapaja ya Amuri, na sauti kwenye bomba. Angeweza kufunga mlango. Angeweza kwenda kwa mzee mmoja wa mtaani anayesoma dua juu ya maji. Badala yake alimfunga Nuru kifuani, akavaa kandambili.

"Unaenda wapi?" aliuliza Mahmoudi.

"Nyuma ya parokia."

"Kwa nani?"

"Kwa yeye. Kama wake iko moto, ni sindano. Kama wake haina kitu..." Akafungua mlango. "Halafu twende hospitali."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwendea mtu yule kwa miguu yake, akijua anakwenda. Mitaa mitatu ilikuwa mirefu. Dukani Isaïe alikuwa anapima maharagwe. Alimwona mwanamke mgeni na mtoto amelegea, akaita nyuma ya pazia bila kuuliza.

Kyakimwa akatoka. Hakuwa na blanketi. Timothée alikuwa na shati jepesi tu, begani kwa mama yake, macho yamefifia, midomo imekauka. Kyakimwa alipomwona Madina alirudi hatua moja, na Madina akaona usoni mwake swali lile lile alilolibeba yeye njia nzima.

"Wako pia?" alisema Kyakimwa.

"Tangu asubuhi."

"Wangu tangu asubuhi."

Isaïe akaweka mizani chini. "Si imeandikwa kwenye karatasi?" alisema, akaichukua kwenye rafu, akasoma mwandiko wa Mama Priscille: moto mwilini kidogo kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, maji mengi, titi, ukizidi kituo cha afya. "Hakuna kati yenu aliyesikiliza?"

Kyakimwa alileta beseni ya maji na vitambaa viwili, akasogeza gunia la maharagwe ili Madina akae. Wakawalaza watoto wao kwenye mkeka, kichwa kwa kichwa, wakaanza kuwapangusa. Baada ya muda Kyakimwa akanyoosha mkono kuelekea paji la Nuru, akausimamisha hewani.

"Ninaweza?"

Madina alitazama mkono ule. Ulikuwa umelowa, na kucha zimekatwa fupi.

"Shika," alisema. Hakuondoa macho.

Kisha naye akanyoosha wake, akauweka juu ya paji la Timothée, akangoja kuona ni yupi atakayeanza kupoa.